Sekunde kumi za Afrika

Swali la kwanza liliulizwa na mtoto wa miaka saba hivi: wanajeshi walikuwa wanajisaidia wapi humu ndani?

Mzee aliyekuwa akitutembeza alicheka. Alionekana alikuwa akilisubiri. Akanyoosha fimbo yake kuelekea mkiani, akaeleza kwamba kule nyuma kulikuwa na ndoo ya chuma yenye dawa na kifuniko, kwamba baridi ya angani ilikuwa kali kiasi cha ngozi kunata kwenye chuma, na kwamba ndege ikianza kuyumbayumba ili kukwepa risasi, basi na ndoo nayo ina yake. Watoto walifurahi. Wazazi walifurahi zaidi. Nilitazama saa: dakika tano nzima.

Kisha akarudi kwenye historia ya ndege yenyewe, Lancaster ya mabomu. Ilitoka kiwandani 1945. Vita vikaisha. "Halafu ikaenda Afrika miaka michache kupiga picha, na baada ya hapo..."

Na baada ya hapo akaendelea na mengine.

Sekunde kumi. Labda nane.

Ilikuwa Februari, kwenye hanga, yaani banda la ndege, la kambi ya jeshi la anga ya Coningsby, Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Majira ya baridi ndege hii hairuki, mafundi huifungua na kuikagua. Injini mbili zilikuwa hazina mifuniko, na chini ya kila moja kulikuwa na trei ya kukinga mafuta, kama beseni chini ya paa linalovuja. Nilibaki nimesimama karibu na gurudumu, ambalo linanifika kifuani, huku kundi likisogea mbele. Nilitaka kuinua mkono niulize: Afrika ipi? Picha za nini?

Sikuinua. Nimekaa na swali hilo hadi leo.

Mwakilishi msibani

Mnaopenda ndege hamhitaji kuelezwa Lancaster ni nini. Kwa wengine: ni ndege ya mabomu ya Uingereza ya injini nne, ya Vita vya Pili vya Dunia. Zilitengenezwa 7,377, na leo zinazoruka duniani ni mbili tu. Moja iko Hamilton, Kanada. Nyingine ni hii, PA474, ambayo mimi huiona kila kiangazi ikipita juu ya maegesho ya hospitali ninayofanyia kazi hapa Lincoln. Ikipita, wodini mazungumzo hukatika. Nimewahi kumbadilishia kidonda mgonjwa aliyeniomba kwa mkono nisubiri, hadi mlio ulipoisha.

Watu hulia chini ya ndege hii. Nimewaona. Kati ya vijana kama 125,000 walioruka na kikosi cha ndege za mabomu cha Uingereza, 55,573 walikufa, na wengi waliondokea viwanja vya mkoa huu. Huko walikokwenda nako watu walikufa chini yao, Hamburg na Dresden na kwingineko, kwa makumi ya maelfu. Hilo hapa husemwa kwa sauti ya chini kidogo.

Ila PA474 yenyewe haikuwahi kumdondoshea mtu bomu.

Ilitoka kiwanda cha Vickers-Armstrongs karibu na Chester mwisho wa Mei 1945, wiki tatu baada ya Ujerumani kusalimu amri. Ikapangiwa kikosi cha kwenda kuipiga Japani, na kabla haijaondoka Japani nayo ikasalimu amri. Ndege ya vita iliyofika vitani mlango umeshafungwa.

Kwetu mtu akishindwa kufika msibani hutuma mwakilishi, na mwakilishi hukaa jamvini akapokea pole zote kana kwamba mfiwa ni yeye. Hakuna anayeona ubaya. PA474 imekuwa mwakilishi wa aina hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini, na sina ugomvi na kazi hiyo.

Kilichonikera ni kwamba mwakilishi huyu alikuwa na maisha yake. Alikuwa na kazi aliyoifanya kweli, kwa mikono yake, na ndiyo iliyopewa sekunde kumi.

Kulima anga

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kuanzia 1946 hadi 1952, kikosi nambari 82 cha jeshi la anga la Uingereza kilitumwa kupiga picha za makoloni ya Afrika kutoka juu, kwanza magharibi, kisha mashariki. PA474 ilijiunga nacho ikapewa herufi M. Vibanda vya vioo vya wapiga bunduki viling'olewa, kamera zikafungwa. Kwa upande wetu kituo kikubwa kilikuwa uwanja wa Eastleigh, Nairobi, ambao leo ni kambi ya jeshi la anga la Kenya.

Kupiga picha za ramani ni kama kulima kwa jembe la ng'ombe. Ndege inakwenda moja kwa moja hadi mwisho wa shamba, inageuka, inarudi sambamba na mfereji wa kwanza. Kila picha lazima ile kipande cha iliyotangulia, karibu asilimia 60, na kila mstari upande kidogo juu ya jirani yake. Ukikosea upepo, ukapinda kidogo tu, unabakiza ukanda wa nchi usiokuwemo kwenye picha yoyote, na itabidi urudi. Wingu likikaa chini yako, siku imekwisha. Kwa lenzi ya inchi 6 na kipimo cha 1:30,000, hesabu inakutaka ukae futi 15,000 juu ya ardhi, bila kupanda wala kushuka.

Ukifikiri, ni ujuzi uleule. Dakika za mwisho kabla ya kuachia mabomu, rubani alitakiwa anyooke hivyohivyo, asipepesuke hata akipigwa. Tofauti ni kwamba juu ya Tanganyika hakuna aliyekuwa akimpiga.

Picha zilipelekwa Uingereza, kwenye idara ya upimaji wa makoloni iliyoanzishwa 1946, ambako watu wasiowahi kuiona Afrika walichora mito na vilima vyake wakiwa wamekaa kwenye viti. Na haraka ilikuwa kubwa. Vita vilikuwa vimeiacha Uingereza haina mafuta ya kupikia, na mwaka huohuo wa 1946 ujumbe wa wataalamu ulikuwa umezunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege, wakatoka na jibu: karanga, kwenye mashamba makubwa. Kongwa. Mnaotoka Dodoma mnaijua hadithi hiyo kuliko mimi ninavyoweza kuisimulia, jinsi udongo mwekundu ulivyokauka ukawa saruji na mvua zikakataa kusoma mpango, hadi Januari 1951 serikali yao ikafuta deni la pauni milioni 36.

Kuna jambo moja la Kongwa ambalo sikulijua, na lilinifanya nicheke peke yangu usiku. Matrekta yalipokosekana, walichukua vifaru vya Sherman vya vita wakavigeuza matrekta ya kung'olea visiki. Waliovigeuza walikuwa Vickers-Armstrongs, kampuni ileile iliyoiunda PA474.

Kwa hiyo kifaru kilikuja kwetu kikiwa trekta, na ndege ya mabomu ikaja ikiwa kamera.

"Ya themanini na mbili?"

Baba yangu ni mpima ardhi mstaafu. Alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, mingi ndani ya mkoa wa Dodoma. Nilimpigia Jumapili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi imepungua huko?"

Tukazungushana kidogo na habari za nyumbani, kisha nikamwuliza kama aliwahi kusikia ndege inaitwa Lancaster.

"Ipi? Ya themanini na mbili?"

Nilinyamaza.

"Hiyo namba imeandikwa pembeni mwa picha," akasema. "Nimeiona mara nyingi kuliko jina langu kwenye mshahara."

Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha baba yangu historia ya ukoloni. Badala yake alinifundisha yeye, kwa dakika arobaini, na salio lilikuwa langu. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakienda porini na picha zile miaka ya sabini, wanatafuta ardhini kitu kinachoonekana pichani, mbuyu au makutano ya korongo, wanakipima, kisha wanakitoboa pichani kwa ncha ya pini. Tundu dogo. Nyuma ya picha unalizungushia duara kwa penseli na kuandika namba ya bikoni, ile alama ya mpima iliyosimikwa ardhini. Fundi mbaya hutoboa tundu kubwa, na tundu kubwa kwa kipimo kile ni mita kumi na tano za ugomvi.

Nikamwambia nilichokuwa nimekipika kwa wiki tatu. Kwamba walikuja kutupima ili watutawale vizuri, kwamba hakuna aliyemuuliza mtu chini kama anataka kupigwa picha, kwamba leo ndege inashangiliwa na hata hawatutaji.

Akasema, "Ndiyo."

Kisha akasema, "Na picha hizohizo ndizo zilizokusomesha."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosoma vipimo. Sikuwa na jibu, nikamwuliza kama mvua imenyesha.

Zizi

Siku mbili baadaye aliniletea picha kwa WhatsApp. Siku ofisi moja aliyofanyia kazi ilipokuwa inahama, makaratasi ya zamani yalirundikwa nje yachomwe, na baba akaokota picha mbili. Ni jozi, zimefuatana angani kwa karibu nusu dakika. Pembeni kuna maandishi, RAF, 82, na mwaka ambao tarakimu yake ya mwisho imelika. Arobaini na kitu.

Mara ya kwanza sikuona chochote. Madoa tu. Kijivu juu ya kijivu.

Baba akaandika: *tafuta duara jeusi, kushoto kwa korongo*.

Hilo duara ni zizi. Samadi ya ng'ombe ya miaka mingi huipa ardhi weusi unaoonekana kutoka mbali. Nyumba ni ngumu zaidi kuiona, kwa sababu tembe la Kigogo limeezekwa kwa udongo uleule lililosimama juu yake. Kutoka juu paa na uwanja ni kitu kimoja. Kinacholisaliti ni kivuli chake, kistari chembamba upande wa magharibi, maana picha ilipigwa asubuhi.

Katikati ya zizi kuna tundu la pini.

"Hiyo bikoni ya wapi?" nikauliza.

"Hiyo si bikoni," baba akajibu. "Hapo ni kwa babu yako."

Sasa nieleweke. Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma. Watu walitolewa kwenye maboma yao yaliyotawanyika wakapelekwa vijijini, pamoja, karibu na barabara. Babu alihama na mlango wake mgongoni. Tembe bila watu haimalizi masika mengi, paa hudondoka, kuta huyeyuka, na ng'ombe wakiondoka hata weusi wa zizi hupauka. Baba alikwenda pale akiwa kazini miaka kama minane baadaye na hakuona kitu, hata mfupa wa nguzo. Alipajua kwa sababu ya korongo tu.

Kwa hiyo mahali alipozaliwa baba yangu pana ushahidi mmoja duniani, nao ulipigwa na watu waliokuwa wanatafuta pa kulima karanga.

Nimejaribu kukasirika na hilo na nimejaribu kushukuru. Yote mawili hayakai.

Kikosi kilikuwa na ndege kadhaa, na karatasi haisemi ni ipi iliyopita siku ile. Namba ni ya kikosi. Nimejikuta natamani iwe M, na mara nyingine natamani isiwe.

Mdogo wake

Nilipofika hapo nilidhani makala imepatikana. Ndege ya mabomu ikawa kamera, kamera ikahifadhi zizi, tumemaliza, tunywe chai. Nilimsimulia mwenzangu wa zamu ya usiku, mzaliwa wa Nyeri, na nikamwonyesha picha ya PA474 kwenye simu.

Aliitazama. "Hii si ile iliyopiga Nyandarua?"

Nikamwambia hapana. Ile ilikuwa ndege aina ya Lincoln.

"Na tofauti yake?"

Hapo ndipo nilipokwama, maana Lincoln ni mtoto wa Lancaster hasa. Ilipoanza kusanifiwa iliitwa Lancaster ya nne. Mabawa marefu zaidi, tumbo refu zaidi, injini nne za Merlin zilezile za ukoo mmoja. Kuanzia mwisho wa 1953 hadi 1955 Lincoln zilikaa Eastleigh kwa zamu, kikosi kimoja kikiondoka kingine kinaingia, na zikadondosha mabomu ya ratili 500 na 1,000 kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Uwanja uleule. Lancaster za picha zilikuwa zimeondoka 1952, mwaka ambao hali ya hatari ilitangazwa Kenya.

Akanirudishia simu yangu, akaenda kumgeuza mgonjwa kitandani.

Ninaishi kwenye mji unaoitwa Lincoln. Ndege iliyopewa jina la mji huu ilipiga nchi ya mwenzangu, na ile iliyopakwa jina la mji huu ubavuni ilipiga picha kwetu. Ningependa kuziweka kwenye vyumba viwili tofauti, na wiki mbili nilijaribu. Lakini aliyeko chini, akisikia mlio wa Merlin nne juu ya mawingu, atajuaje mlango ukifunguka kitatoka nini?

Sikuchapa makala wakati ule. Ndiyo maana mmeisubiri.

Rangi za wengine

Ilipotoka Afrika, PA474 ilinusurika kwa bahati zaidi ya moja. Walitaka kuigeuza ndege isiyo na rubani ya majaribio, wakabadili mawazo wakachukua Lincoln. Ikapelekwa chuo cha uhandisi wa ndege cha Cranfield, ikabebeshwa bawa la utafiti lililosimamishwa wima mgongoni kama tanga la dau, kwa karibu miaka kumi. Ukiona picha yake ya wakati huo utaionea huruma.

Agosti 1965 ikaletwa Waddington, jirani tu na hapa, kwa ombi la mkuu wa kikosi nambari 44, kilichokuwa cha kwanza kupewa Lancaster wakati wa vita. Mafundi wakaanza kuirudishia vilivyong'olewa. Kibanda kimoja cha bunduki, kile cha mgongoni, kilipatikana Argentina, kikaletwa kwa meli ya kivita.

Jina kamili la kikosi hicho ni 44 (Rhodesia). Miezi mitatu baada ya ndege kutua Waddington, Ian Smith, waziri mkuu wa Wazungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, alijitangazia uhuru wake. Na alama za kwanza ndege ilizopakwa, KM-B, zilikuwa za John Nettleton, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeongoza Lancaster 12 mchana kweupe hadi Augsburg Aprili 1942. Saba hazikurudi. Yeye alirudi, akapewa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Uingereza, akafa mwaka uliofuata.

Mtu jasiri, sibishi. Lakini niliposoma hivyo niliweka kikombe chini. Afrika ilikuwa imeandikwa ubavuni mwa ndege hii tangu mwanzo! Afrika ya Nettleton na Rhodesia.

Tangu hapo hubadilishiwa rangi kila baada ya miaka michache, ikivaa herufi za ndege nyingine iliyopigana kweli. Imekuwa Phantom of the Ruhr, imekuwa Thumper, imevaa herufi za Waaustralia wa kikosi 460. Kila mara familia fulani hufurahi kuona ndege ya babu yao ikiruka tena. Herufi M ya kikosi 82 haijawahi kurudi.

Mwezi Aprili nilirudi Coningsby. Mzee alikuwa yuleyule. Safari hii niliinua mkono. Akaniambia kwamba miaka yote aliyojitolea pale hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu Afrika, na akaniomba, kwa adabu kabisa, kama ninajua chochote niwaambie wenzangu. Nikasimama chini ya bawa, nikawaeleza mistari ya angani, pini, zizi. Nilipomaliza, mvulana mmoja akainua mkono.

Choo kilikuwa wapi?

Mlio

Mwaka jana nilikuwa nimeirekodi ikipita juu ya maegesho, sekunde arobaini hivi, na sauti ya gari la wagonjwa nyuma. Nilimtumia baba. Akaenda nayo Mpwapwa kwa shangazi, dada yake mkubwa, ambaye miaka ile alikuwa binti mdogo anayechunga mbuzi upande wa pili wa korongo lile lile. Baba alitaka kujua ile tarakimu iliyolika. Kama ni tisa, yeye alikuwa ameshazaliwa.

Walinipigia wote wawili. Nikasikia baba akimwekea rekodi mara mbili, ya pili akiwa ameongeza sauti hadi mwisho.

"Shangazi shikamoo. Umeikumbuka?"

"Marahaba. Hii siijui," akasema shangazi. "Hii inapiga kelele."

"Hakukuwa na ndege, basi?"

"Ilikuwepo. Siku nyingi tu, asubuhi, inakwenda inarudi, inakwenda inarudi. Lakini ile yetu ilikuwa juu sana. Ilikuwa kama nyuki wanahama. Tulikuwa tunatafuta mzinga."